Mpangamiji wa Ngamiani Aanze na Mtaro

Kijana anayesomea mipangomiji hatapata Ngamiani, jijini Tanga, kazi ya kugawa viwanja. Barabara zilishanyooshwa zamani, zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu, na wenyeji huzitaja kwa namba. Kazi iliyobaki katika kata zake tatu, Ngamiani Kaskazini, Kati na Kusini, ni ngumu zaidi: kuuwezesha mji uliokwishajengwa kuhimili mvua kubwa na joto.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Mtaa una mwenyekiti, kamati na mkutano wa wakazi, bila mamlaka hayo. Lakini mtaro upi hujaa kwanza masika yanapoanza, na maji huingia uani kwa nani, anayejua ni mkazi. Ujuzi huo ukibaki mdomoni, hakuna mhandisi atakayeutengea mtaro huo fedha. Taaluma ninayoizungumzia huanzia hapo, katika kuugeuza ujuzi huo kuwa ramani.

Dar es Salaam walishafanya hivyo. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo, wakiwamo wa Chuo Kikuu Ardhi, na wakazi wa kata zinazofurika. Walipita vichochoroni wakichora nyumba, njia na mitaro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Mimi huvutiwa zaidi na mkazi aliyeonyesha maji yalifika wapi kuliko vifaa vilivyotumika.

Halafu kuna fedha. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, na wawekezaji waliinunua yote. Iliwezekana kwa sababu maji yana ankara, na ankara hulipa deni. Mtaro hauna ankara. Fedha yake lazima itoke kwenye bajeti, na ombi lipande kutoka mtaani hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Ombi lenye ramani na vipimo hujibiwa kwa hoja. Lisilo navyo huahirishwa.

Mbali na mitaro, baiskeli nazo zihesabiwe. Tanga ni mji wa baiskeli, na Ngamiani ni tambarare. Anayepanga bila kuzihesabu atapanua lami kwa ajili ya magari na kukata miti ya kivuli, kisha joto na maji ya mvua viongezeke barabarani.

Shahada na usajili wa bodi ya wapangamiji vinahitajika kwa atakayesaini michoro. Kwa kuanza, kikundi cha vijana kinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia 4, kikazoa taka zinazoziba mitaro na kuandika kwenye ramani kila kizuizi kilipo. Halmashauri iwalipe posho kwa ramani hiyo, na iwalipe kabla ya masika.