Muwasho Katika Njia ya Mkojo: Wakati wa Kufika Kituo cha Afya

Wananchi wanashauriwa kutopuuza muwasho katika njia ya mkojo wala kununua dawa kwa kukisia, kwa kuwa muwasho huo si ugonjwa wenyewe bali ni dalili yenye vyanzo mbalimbali, na kila chanzo kina tiba yake.

Wakati mwingine chanzo ni sabuni yenye manukato au kondomu isiyopatana na ngozi ya mtumiaji. Muwasho wa aina hiyo kwa kawaida hutoweka siku chache baada ya kuacha kutumia kitu husika.

Vyanzo vingine ni maambukizi. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa takribani sentimita 4, ilhali wa mwanaume hufikia takribani sentimita 20. Hivyo bakteria hukifikia kibofu cha mwanamke kwa urahisi zaidi. Aidha, magonjwa ya zinaa kama vile kisonono, klamidia na trikomona huweza kuleta muwasho, maumivu wakati wa kukojoa na kutokwa na usaha au uchafu. Hata hivyo, wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote.

Yasipotibiwa, magonjwa hayo mawili yanaweza kuharibu mirija ya uzazi na kusababisha ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi, kudhuru macho ya mtoto anayezaliwa, na kuongeza uwezekano wa kuambukizwa Virusi vya UKIMWI (VVU).

Mwananchi afike zahanati au kituo cha afya endapo muwasho hauishi baada ya siku chache, au unaambatana na usaha, vidonda au maumivu wakati wa kukojoa, au mwenza wake ana dalili. Mjamzito hapaswi kusubiri. Homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni, damu katika mkojo, korodani kuvimba au kushindwa kukojoa vinahitaji huduma siku hiyo hiyo.

Kituoni, mhudumu humhoji mgonjwa kwa faragha, humchunguza na, inapohitajika, huagiza kipimo cha mkojo. Mgonjwa anatakiwa kumaliza dozi hata akipata nafuu mapema, kwani matumizi holela ya antibiotiki huchangia usugu wa vimelea. Ikibainika kuwa ni ugonjwa wa zinaa, mwenza naye atibiwe, na wote wajiepushe na kujamiiana hadi muda ulioelekezwa na mtaalamu uishe. Mwenza asipotibiwa, aliyepona huweza kuambukizwa upya.