KONJE YA JANGWANI: CHAGUA MBELE YA KUWASHA MOTOKARI

Kila mwaka, miezi ya baridi ikikaribia, watu wanatuuliza hapa sekirite swali moja: "Tumesikia kule Namibia kuna jangwa na paki za nyama wa pori. Motokari tuko nayo, konje tuko nayo. Twende paki gani?"

Zamani swali hili halikuwako. Lakini siku hizi malori yanateremsha shaba yetu mpaka bandari ya Walvis Bay, madereva wanarudi na picha na hadithi, na bibi na watoto nyumbani wanataka kuona kwa macho yao. Si vibaya, konje ni ya kupumzisha mwili. Ila mtu anayerudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, huyo ndiye anayekata kidole siku ya kwanza ya zamu. Ndiyo maana jambo hili ni letu pia.

Tuanze na hesabu, kama kapita anavyohesabu watu wake mbele ya kushuka. Toka Lubumbashi unapita Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, Livingstone, unafika Sesheke, unavuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2004, na uko Katima Mulilo. Toka hapo mpaka Rundu ni karibu kilometa 500, na Rundu mpaka Tsumeb nyingine 300. Jumla yake inakaribia kilometa 2000, na bado hujaona mchanga wa jangwa. Dereva mmoja asiyeendesha usiku atafanya 500 kwa siku, akiwa na bahati mpakani. Basi ni siku nne, hata tano, kwenda. Na vile vile kurudi. Mwenye konje ya wiki mbili amebaki na siku nne au sita za kutembea. Mwenye wiki tatu anabaki na kumi na zaidi.

Ukishajua hesabu hiyo, ile karatasi ya mtoto wako iliyoandikwa paki tano inakuwa fupi yenyewe.

Kwa wiki mbili, sisi tunasema: Etosha peke yake. Wengine watasema Etosha si jangwa kamili, na ni kweli, miti iko. Lakini katikati yake kuna uwanja mkubwa wa chumvi, mweupe, mrefu kilometa 130 hivi, unaokaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na nyama wanakuja wenyewe kwenye visima vya maji kandokando. Kwa jamaa yenye wazee na watoto wadogo hakuna paki iliyo nyepesi kuliko hii. Unakaa ndani ya motokari. Kanuni hairuhusu kushuka ila ndani ya kambi na pahali palipowekwa alama, na milango ya paki inafungwa jua likizama. Okaukuejo kuna kisima chenye taa usiku; nyanya anaweza kukaa kwenye benchi, amefunika miguu na kitenge, akaangalia tembo wakinywa. Jambo moja tu: upande huo wa kaskazini malaria iko, zaidi wakati wa mvua. Chandarua kiende pamoja nanyi.

Tena Etosha ina jirani mzuri kwetu sisi watu wa shaba. Mji wa Tsumeb ulizaliwa na mgodi wa shaba na risasi, uliofungwa mwaka 1996, na mawe yaliyotoka mle chini yanajulikana dunia nzima kwa rangi zao. Mjini kuna nyumba ya makumbusho yenye mawe hayo na vyombo vya kazi vya zamani. Mpe mtoto saa mbili mle ndani, umwonyeshe ni kazi gani baba anafanya. Nyumbani hapati kuiona.

Kwa wiki tatu, ongeza Sossusvlei, ndani ya paki ya Namib-Naukluft. Hapo ndipo jangwa lenyewe: vilima vya mchanga mwekundu, vingine vinapita meta 300, na bonde linaloitwa Deadvlei, udongo wake mweupe kama sahani, miti iliyokufa imesimama toka mamia ya miaka. Ni pahali pazuri kuliko pote nilipoona. Na ni hapo karibu tumpoteze shemeji yangu.

Tulikwenda mwezi wa kumi, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, langu mimi. Toka mlango wa Sesriem kuna kilometa 60 za lami, kisha 5 za mchanga mzito ambao motokari ndogo haipiti. Unapanda gari la paki. Tulichelewa kuamka, tukafika saa nne asubuhi, wakati wenye akili wanarudi. Shemeji alichukua chupa moja ya maji, nusu lita. Nilipomwambia aongeze alicheka: "Nimetumika chini miaka 18. Joto gani litanishinda?" Akapanda kilima.

Aliporudi alikuwa anatembea kama mlevi. Kichwa kinauma, anatapika, tukimwuliza jina la mtoto wake anajibu mambo mengine. Miti ya Deadvlei haina jani hata moja, kivuli hakuna. Akina mama walishika vitenge viwili juu yake, tukamvua shati na viatu, tukamwagia maji kifuani, shingoni na makwapani, tukampepea na kofia. Tulipoona akili inarudi na anaweza kumeza vizuri, ndipo tukampa maji, kidogo kidogo. Kisha tukambeba mpaka kwenye gari. Mganga aliyemwona baadaye alisema kumpoza palepale ndiko kulikomwokoa. Mtu ambaye joto limempanda mpaka akili imechanganyika anaweza kufa, usingoje hospitali ndipo uanze kumpoza.

Nimefikiri sana juu ya neno lake lile, maana hata mimi ningeweza kulisema. Chini, hewa ni nzito na jasho linatiririka, unaliona, unakunywa. Jangwani hewa ni kavu, jasho linakauka mbele hujaliona, ngozi inakaa kavu na unadhani hupotezi kitu. Chini kuna mashini ya hewa, kuna mwenzako, kuna kapita wa kukwambia kaa chini. Jua haliko. Na mazoea ya joto si kama diploma: mwili unahitaji wiki moja au mbili kuyapata, na ukikaa nyumbani majuma machache yanapotea.

Kwa hiyo Sossusvlei nenda mwezi wa tano mpaka wa nane, panda alfajiri, ushuke mbele ya saa nne. Mwezi wa saba usiku ni baridi kabisa, karibu na barafu, chukueni mablanketi. Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Jamaa ya watu sita ni bidoni moja na nusu ya lita 20, kila siku, mbali na ile ya akiba. Akina mama wanajua maji ya kuhara yanayofundishwa kliniki: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Yanafaa kwa mtu aliyetoka jasho pia.

Paki nyingine mbili watu wanazitaja sana. Skeleton Coast, kando ya bahari, ni ukungu, upepo wa baridi na barabara ndefu isiyo na mtu wala esansi. Tunasema iache.

Ya pili ni nchi ya almasi karibu na Lüderitz, iliyofungwa kwa watu tangu 1908 na kufanywa paki mwaka 2008. Mwaka ule wa 1908 mtumishi wa reli, Zacharias Lewala, aliyekuwa ametumika Kimberley, aliokota jiwe mchangani akalitambua, akampa mkubwa wake August Stauch. Stauch alitajirika, Lewala hakupewa kitu. Leo mji wa Kolmanskop uliojengwa kwa almasi zile uko mtupu, mchanga umejaa mpaka madirishani. Ningependa kila mfanyakazi aone. Lakini ni mbali kabisa kusini, na kwa konje ya wiki tatu utauona kwa macho mekundu ya usingizi.

Sasa barabara. Zambia na Namibia wanashika kushoto. Saa ya hatari ni asubuhi, ukitoka kwenye esansi barabara ikiwa tupu. Kwenda Sossusvlei kuna changarawe nyingi, na hapo motokari za wageni zinapinduka hata bila kugongana na mtu: usipite 80, usivute usukani ghafula, mikanda kwa wote, na mipira ya akiba miwili. Kati ya Katima na Rundu tembo wanavuka barabara. Jua likizama, simama ulale.

Ulizia visa mapema. Kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kila mtoto hati yake ya kuzaliwa. Na kule Mururani, baada ya Rundu, kuna kizuizi cha magonjwa ya ng'ombe: nyama mbichi haipiti kwenda kusini. Ipikeni na kuila Rundu.