Mbuzi ya Nazi na Kusudi Lake

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Fundi anayeichonga anajua, kabla hajagusa ubao, kwamba atakayeikalia atakuwa na kifuu mkononi, kwamba ulimi wa chuma lazima uwe na meno, na kwamba kiti kiwe chini kiasi cha kumwezesha mkunaji kuweka sinia miguuni bila kuinama sana. Kusudi limetangulia, kitu kimefuata. Ukimwuliza mtu yeyote wa pwani mbuzi ni ya nini, jibu analo, na mwenye kulijua zaidi ya wote ni yule aliyeichonga.

Tarehe 29 Oktoba 1945, jijini Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alisimama mbele ya ukumbi uliofurika akaeleza jambo hili hili. Mfano wake ulikuwa kisu cha kukatia karatasi. Nimeweka mbuzi kwa kuwa ndiyo niliyokulia nayo. Watu, alisema, wamezoea kumwaza binadamu kama kifaa cha namna hiyo: Mungu ni fundi, sisi ni kazi ya mikono yake, na kusudi letu alikuwa nalo kabla hatujazaliwa. Mtoto wa Kiislamu hufundishwa chuoni kwamba watu na majini wameumbwa wamwabudu Mola wao. Mtoto wa Kikatoliki hukariri katika katekisimu kwamba ameumbwa ili amjue Mungu, ampende, amtumikie, na mwisho afike kwake. Sartre alisema fundi huyo hayupo. Binadamu hujikuta tu yupo duniani, kisha ndipo ajitafutie la kuwa.

Wengi wakisikia hivyo huingiwa na ubaridi. Kama hakuna aliyetuchonga, si ina maana tupo bure? Hoja za kuwapo kwa Mungu sizipimi hapa. Nauliza jambo moja tu: yule asiyeamini, awe jirani yako au mwanao, maisha yake yana maana?

Nianze na jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Kuwa na kusudi ulilopangiwa na mwingine, peke yake, hakutoshi kuyapa maisha maana. Katika karne ya 19 maelfu ya watu waliletwa Unguja na Pemba kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya karafuu. Kila mmoja wao alikuwa na kusudi lililo wazi kabisa machoni pa bwana wake, na kusudi hilo lilipangwa kabla hajashushwa jahazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na leo simwoni mtu wa kusimama akasema maisha ya watu wale yalipata maana kwa sababu karafuu zilivunwa. Maana waliyokuwa nayo ilikaa pengine, kwa mtoto aliyebebwa mgongoni, kwa mwenzi aliyegawana naye muhogo, kwa jina la nyumbani walilokataa kulisahau.

Muumini atanijibu papo hapo: Mungu si bwana shamba. Naafiki kwa moyo wote. Lakini hebu tuulize kwa nini si bwana shamba. Jibu lake litakuwa kwamba kusudi la Mungu ni jema, lina huruma, halimnyonyi mtu. Basi kilichobeba mzigo hapo ni wema wa kusudi, zaidi ya ukweli kwamba limetoka kwa aliyetuumba. Hili ni swali la kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Plato alimwandika Socrates akimwuliza Euthyphro kama chema ni chema kwa kuwa kinapendwa na miungu, au kinapendwa na miungu kwa kuwa ni chema. Wapo wanateolojia wanaojibu kwamba wema na Mungu ni kitu kimoja, na jibu hilo si dogo. Hata hivyo, nao wanakubali kwamba wema unaweza kuonekana na kufuatwa na mtu ambaye hajamjua huyo wanayesema ni chemchemi yake.

Tulisikilize na neno lenyewe. *Maana* tumelipata kutoka Kiarabu, lakini tumelitumikisha kwa namna yetu. Tunauliza maana ya neno, tunasema kwa maana hiyo, tunamwita fulani mtu wa maana. Na mtu akila pesa za mchezo wa wenzake, au akiwatelekeza watoto bila ada wala chakula, mtaa mzima husema: *Yule hana maana.* Hakuna anayekusudia kwamba mtu huyo hakuumbwa. Wanasema juu ya namna alivyokaa na watu. Wasemao hivyo wanajua kutofautisha mambo mawili ambayo vitabu vingi vya falsafa huyachanganya, yaani sababu ya sisi kuwapo duniani, na kama fulani anaishi maisha yenye uzito. Swali la kwanza, bila Mungu, huenda halina jibu. La pili lina majibu kila siku, na majibu hayo hayafanani.

Kuna kisa anachokisimulia Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, katika kitabu chake kuhusu jinsi wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Afrika. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kama mapadri walivyolielewa, hivyo swali likawafikia hivi: nani aliyewafinyanga? Hata hilo halikuwa na maana kwao, kwa kuwa watu huzaliwa na mama zao. Wazee wakasema hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakabana. Hatimaye mmoja wao akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo, akapinda, akawa kibyongo, na hapo husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Akalitaja jina hilo, na jina hilo likachukuliwa kuwa la Muumba.

Okot alikisimulia kisa hiki kwa hasira, akiwalenga pia wasomi wa Kiafrika kama John Mbiti, ambaye mwaka 1969 alikuwa ameandika kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo. Ugomvi wao haujaisha na sitauamua mimi. Ninachokitazama ni wale wazee, na jibu lao la kwanza. Walikuwa na mizimu yao na nguvu walizoziita jok. Sisemi hawakuwa na dini. Lakini kwa maelezo ya Okot, fundi mkuu aliyewachonga kwa kusudi hakuwa sehemu ya mawazo yao. Na kabla ya siku ile walikuwa wakilima, wakioza, wakizika. Palipouawa mtu, waliwakalisha jamaa wa pande mbili wanywe pamoja maji machungu ya mzizi wa oput ili kisasi kikome. Sioni jinsi ya kuwaambia watu hao kwamba walikuwa wakiishi bure mpaka mapadri walipofika.

Upande wa pili una shahidi mzito, naye ni Leo Tolstoy. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, *Vita na Amani* ameshaandika, *Anna Karenina* ameshaandika, ana afya, ana mke na watoto, ana ardhi na farasi huko Samara. Ndipo swali likamwingia na kukataa kutoka: halafu? Utaongeza ardhi, halafu? Utasifiwa kuliko waandishi wote, halafu? Katika kitabu chake cha kuungama alieleza kwamba alifika mahali pa kujifichia kamba na kuacha kwenda kuwinda na bunduki, kwa kujiogopa mwenyewe. Alichokiona ni kwamba kila alichokipenda kitakufa, na kinachokufa hakina thamani. Ahueni aliipata kwa wakulima wa kawaida wa Urusi, waliofanya kazi, wakaugua na kufa kwa utulivu kwa sababu ya imani.

Simdharau Tolstoy hata kidogo. Aliyewahi kukaa macho usiku na swali lile anajua kwamba haliondoki kwa kuambiwa ujishughulishe. Lakini hoja yake ina ufa. Mwaka 1971 Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliuonyesha vizuri: ikiwa kitakachokuwa baada ya miaka milioni moja hakina uzito kwetu leo, basi hata ukweli kwamba matendo yetu yatakuwa yamesahaulika wakati huo hauna uzito leo. Tena urefu wenyewe hauleti maana. Kazi ya kipuuzi ikifanywa milele inabaki ya kipuuzi.

Nyumba tuliyokulia Tanga ilitazamana na ya mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa mitambo katika kiwanda cha katani. Mtaani ilijulikana kwamba haswali. Alisema kwa upole kwamba hajui kama kuna Mungu, na watu walimzoea. Mkewe alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukafa, na kwa miaka kumi na mmoja mzee yule alimuuguza. Nilikuwa natumwa asubuhi kumpelekea maziwa, kwa hiyo nimeyaona kwa macho. Beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa, khanga safi imekunjwa pembeni. Alimwosha kwa vipande, akikausha sehemu moja kabla ya kulowesha nyingine ili asipate baridi. Uji alimnywesha kwa kijiko kidogo akingoja ameze. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, mchana na usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Na jioni, yeye asiyeswali, alikuwa akimwekea mkewe tasbihi katika mkono wa kushoto, anakaa kimya mpaka amalize, kisha anaipokea na kuitundika msumarini.

Siku moja, kwa utundu wa ujana na nimeshasoma kitabu kimoja au viwili, nilimwuliza.

"Shikamoo, mzee. Hivi hayo yote unafanya kwa ajili ya nini, kama huamini kuna thawabu?"

"Marahaba, mwanangu." Alifikiri kidogo. "Nisipomgeuza atatoka vidonda."

Wakati ule niliona hajanijibu. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba alinijibu sawasawa. Sababu ilikuwa pale pale, kwenye mgongo wa mkewe. Haikuhitaji kuteremka kutoka popote. Mwanafalsafa Susan Wolf ameandika kwamba maana hupatikana pale mtu anapokipenda kitu kinachostahili kupendwa, na akakishughulikia kwa mikono yake. Nikimsoma, huliona lile beseni.

Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi alikosa kitu kama hicho. *Kichwamaji*, iliyotoka mwaka 1974, huhesabiwa kuwa riwaya ya msomi aliyepoteza imani na kuishia kujiua, na Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari, aliijua imani kutoka ndani. Kila nikirudi kwenye riwaya hiyo naona kwamba Mungu hakuondoka peke yake. Elimu imemtenga Kazimoto na kijiji, na wazazi, na wanawake asiowaamini. Waliopoteza imani wakabaki na watu hawafiki alipofika yeye. Tunapomwogopea kijana aliyetuambia haamini tena, pengine tuchunguze kwanza kama tumemfukuza mezani.

Lakini kuna deni ambalo asiyeamini hawezi kulilipa, na sitalificha. Mtoto anafariki kwa malaria kabla hajaanza kutembea. Mwanamke analala miaka kumi na mmoja akitazama dari. Muumini anaweza kusema kwamba hesabu haijafungwa, kuna siku ya malipo, kuna kuonana. Mwaka 1788 Immanuel Kant, ambaye alikuwa amezibomoa hoja nyingi za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, bado aliona kwamba ni Mungu tu anayeweza kuukutanisha wema na furaha unayostahili, kwa kuwa dunia haifanyi hivyo. Nimetafuta katika maandishi ya wasioamini kitu cha kuweka mahali pa tumaini hilo, na sijakiona. Kinachokosekana hapo ni haki na faraja. Maana ya yule mtoto haikukosekana: alipendwa, alicheka, kufa kwake ni hasara ya kweli. Kwa asiyeamini hasara hiyo inabaki hasara moja kwa moja, na chandarua ambacho hakikutundikwa juu yake usiku ule hakina wa kukifidia.

Mkewe mzee alifariki mwezi wa Mfungo Sita. Matangani watu walimshika mkono wakimwambia kwamba watakutana, naye akamshukuru kila mmoja, kwa kuwa walimwambia kwa mapenzi. Arobaini ilipopita nilimkuta barazani, nikamwuliza analalaje. Akasema usingizi upo, ila saa nane ya usiku bado macho yanafunguka yenyewe. Huketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini, mpaka saa ya kumgeuza ipite, ndipo alale tena.