Unakuja Bugando? Kagua chumba kabla ya kulipa

Wagonjwa na wazazi wengi wanaopewa rufaa ya Bugando kutoka Geita, Ukerewe na Kagera hufika Mwanza siku moja kabla na kulala hoteli za katikati ya jiji. Ukishajua bei, kagua na haya.

Kwanza, chandarua. Malaria bado ni tatizo kubwa Kanda ya Ziwa, na mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku. Feni haichukui nafasi ya chandarua. Kikiwa kimetoboka, omba kingine. Mtoto akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Pili, kifungua kinywa. Kwa kuwa kimeshalipiwa, mzazi humpa mtoto chai ya maziwa na andazi, kumbe asubuhi hiyo ana upasuaji. Akiwa kwenye dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Upasuaji utaahirishwa, nanyi mtalipia usiku mwingine. Fuata saa za kufunga ulizopewa na hospitali. Mwenye kisukari aulize mapema dawa zake azitumieje.

Tatu, insulini. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji ya hoteli, si friza. Ikiganda, usiitumie tena.

Mwisho, ziwa. Liko karibu, na watoto watataka kuogelea. Maji ya pembezoni yenye majani huwa na konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Wapelekeni wakaangalie meli na samaki, lakini miguu ibaki nchi kavu.