Karafuu Ndani ya Biskuti ya Kiholanzi

Wanachama wenzetu, mara nyingi huulizana: karafuu zikisha kupimwa na kupakiwa, huko ziendako hufanyiwa nini? Jawabu moja tuliionja wenyewe tulipopita Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, mwezi wa Disemba.

Huko iko biskuti iitwayo speculaas. Huliwa zaidi siku zinazokaribia tarehe 5 Disemba, usiku wa Sinterklaas, ambapo watoto hupewa zawadi. Mwokaji mmoja alituonyesha kazi yake. Unga wa ngano hukandwa kwa siagi na sukari nyekundu, ukatiwa mdalasini kwa wingi, kisha karafuu, kungumanga, tangawizi na iliki. Donge hulazwa hata viungo vikolee. Halafu hushindiliwa katika kalibu ya mti yenye sura ya mtu au ya kinu cha upepo, likagongwa litoke, likaokwa.

Tulipotafuna, kwanza tulisikia siagi na mdalasini. Iliyobaki ulimini ni karafuu. Waholanzi huiita kruidnagel, maana yake msumari wa kiungo.

Hamu yao ni ya zamani. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, ilitaka karafuu zote ziwe mkononi mwake. Ikakata mikarafuu katika visiwa vingi vya Maluku, ikaibakiza Ambon na visiwa vya jirani. Lakini mwaka 1770 Wafaransa walipata mbegu na miche wakaipeleka Mauritius, na katika karne iliyofuata mikarafuu ikaenea Unguja na Pemba.

Mwokaji yule hununua karafuu nzima na kuisaga mwenyewe. Kwanza huibinya kwa ukucha. Isipotoa mafuta, haitaki. Ana haki. Karafuu nzuri ina mafuta kiasi cha sehemu 15 hata 20 katika 100. Makonyo yana kiasi cha sehemu 5 hata 7 tu. Alituambia karafuu ni kidogo sana katika donge, lakini ikiwa imevunda, sinia zima hutupwa.

Basi, wenzetu, tuchambue makonyo yote, tusizirundike karafuu mbichi zikapata moto, na tuzianike juani mpaka zikauke barabara. Anayezila hatujui sisi, lakini kazi yetu ataijua kwa ulimi.