Umeungua? Kimbilia maji, siyo dawa ya mswaki

Mama anakaanga samaki Kilwa Masoko, mafuta yanamrukia mkononi. Kabla hajakaa vizuri, jirani ameshafika na dawa ya mswaki. Wa pili anasema paka yai bichi, wa tatu anataka chumvi. Wote wana nia njema, lakini wote wanaweza kumwongezea kidonda.

Huduma ya kwanza ya kuungua ni maji.

Dakika 20, siyo mbili

Ukishatoka kwenye moto, joto linabaki ndani ya ngozi na linaendelea kuunguza. Maji ndiyo yanayolitoa. Mwagia maji safi ya ubaridi wa kawaida, ya bomba au ya mtungini, kwa dakika 20. Hata ukichelewa, bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo.

Maji ni ya shida kwenu? Ndoo ya lita 20 inatosha. Mwaga taratibu kwa kopo, lita moja kila dakika. Mkono au mguu unaweza kuutumbukiza kwenye beseni safi. Mtoto mpoze pale alipoungua tu, kwingine mfunike asipate baridi.

Vua pete, bangili na saa mapema kabla hapajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Ukimaliza, funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Kwa maumivu, parasetamoli inasaidia.

Kwa nini tusipake?

Dawa ya mswaki inawasha na kufunika joto ndani. Mafuta ya nazi na siagi nayo yanazuia joto kutoka. Yai bichi, majivu na unga vinaweza kuingiza vijidudu. Tena daktari atalazimika kuvisugua ili aone kidonda, na hapo ndipo utalia mara ya pili.

Barafu je? Huku pwani ipo kila penye samaki, lakini usiiweke kwenye jeraha. Inabana mishipa ya damu na kuumiza ngozi ambayo tayari imeumia.

Lengelenge usilitumbue. Ngozi ile ya juu ndiyo plasta yako ya asili.

Korosho nayo inaunguza

Lindi ni mkoa wa korosho, na wengi tunabangua nyumbani. Yale mafuta meusi ya ganda ni makali, yanababua ngozi hata yakiwa ya baridi. Yakikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usijifute macho kwa mkono huo. Ukiwa unachoma korosho na mafuta ya moto yakakurukia, anza na maji yale yale ya dakika 20.

Na wale wa bodaboda: ukiungua mguu kwa ekzosi, ni hivyo hivyo. Maji kwanza.

Wakati wa kwenda hospitali

Usibaki nyumbani kama:
- jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua
- ni usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri
- ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au haina maumivu kabisa
- ameungua kwa umeme au kemikali
- ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito
- baada ya siku kadhaa kuna usaha, harufu au homa

Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Anza na zahanati ya karibu. Kwa wilaya ya Kilwa kuna Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Rufaa ya mkoa ni Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini.

Na kwa ndugu zetu wa Songo Songo na Kilwa Kisiwani, mnaosafiri kwa chombo kufika hospitali: kama mgonjwa anapumua vizuri, mpeni kwanza zile dakika 20 za maji, huku wengine wakiandaa boti.