Nasaba ya Tope la Naili
Tope lililotandaa chini ya Bahari ya Mediterania, mbele ya mdomo wa Naili, halina alama ionekanayo kwa macho. Lakini wataalamu wakishaliosha kwa asidi hafifu, ili chokaa ya makombe iondoke, kisha wakapima nisba ya strontiamu 87 kwa strontiamu 86, asili yake hudhihiri. Miamba mikongwe ya Uganda, yenye rubidiamu ambayo kwa dahari nyingi hugeuka strontiamu 87, ina nisba kubwa. Ile ya volkano ya Uhabeshi, ya takriban miaka milioni 30, ina ndogo. Ajabu ni kuwa Naili Nyeupe, itokayo upande wa Uganda, licha ya urefu wake, huchangia kidogo mno, kwani mzigo wake hutua katika vinamasi vya Sudd. Tope jingi ni la Uhabeshi, likichanganyika na vumbi la Sahara, ambalo nalo lina nisba kubwa na laweza kudhaniwa la Uganda, hata ikalazimu elementi nyingine, neodimiamu, iitwe kutoa ushahidi wa pili.